Mapishi ya Shamba ni Kinga ya Moyo

Maradhi ya moyo si ya matajiri peke yao. Mwaka 1990, wataalamu waliowafuatilia Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi walieleza kwamba shinikizo lao la damu lilipanda katika muda wa miezi michache tu. Chumvi ilikuwa imezidi katika chakula chao, na potasiamu, madini yaliyomo kwa wingi katika mboga, matunda na maharagwe, ilikuwa imepungua.

Funzo hilo linawahusu pia Wakongo, Warundi na Wanyarwanda walioacha mashamba yao na sasa wanaishi Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 nchini Malawi, au katika mji jirani wa Lilongwe. Kinga yenyewe wanaifahamu: unga wa mgaiwa usiokobolewa, maharagwe, sombe, lengalenga na karanga, pamoja na chumvi na mafuta kidogo. Nyuzinyuzi za vyakula hivyo husaidia kupunguza lehemu, ambayo ikizidi huziba mishipa ya moyo. Hata hivyo, aliyeandikiwa dawa na daktari asiziache.

Vita viliwanyang'anya watu hao mashamba. Visiwanyang'anye na mapishi yake.