Upele

Kisenge, katika Lualaba, kwajulikana kwa manganizi, madini meusi. Vumbi huchafua ngozi, lakini silo liletalo upele. Upele huletwa na kidudu kidogo mno. Huchimba njia ndani ya ngozi, hasa katikati ya vidole, na kutaga mayai humo. Usiku mtoto huwashwa, hujikuna mpaka atoke vidonda. Navyo vikiingia usaha vyaweza kudhuru hata mafigo.

Mtoto huyo apelekwe kwa muuguzi. Dawa hupakwa mwili wote, tangu shingo hata nyayo. Watu wote wa nyumba wapakwe siku ile ile, hata wasiowashwa: akiachwa mmoja, upele utarudi kwa wote. Nguo na mablanketi vifuliwe kwa maji ya moto, vianikwe juani.