Seva ya Nane

Jumatatu ya juma lililopita mwanafunzi wangu wa uzamili alinionyesha tovuti aliyoiunda ili kuhifadhi msamiati wa uvuvi alioukusanya kwa wazee wa Lamu. Nilipomuuliza ataihamishaje programu hiyo kutoka tarakilishi yake hadi kwenye seva itakayotumiwa na umma, alinijibu, "Nitanakili faili tu, Mwalimu. Ni kazi ya dakika tano."

Nilimsimulia kisa cha Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikishughulikia ununuzi na uuzaji wa hisa. Mwishoni mwa Julai 2012 kampuni hiyo iliweka programu mpya kwenye seva zake nane, tayari kwa mpango wa Soko la Hisa la New York uliotarajiwa kuanza Agosti 1. Fundi mmoja akaisahau seva moja. Hapakuwa na mtu wa pili wa kuikagua kazi yake, wala utaratibu ulioandikwa wa kudai ukaguzi huo.

Hapa ndipo mwanaisimu anapotega sikio. Waundaji wa programu mpya walikuwa wameitwaa ishara ya zamani na kuipa maana mpya. Seva saba ziliifahamu maana hiyo. Katika ile ya nane, ishara iyo hiyo iliamsha programu kongwe iliyoitwa Power Peg, ambayo ilikuwa imeachwa kutumiwa tangu 2003 lakini haikufutwa. Mwambie mtu wa mjini Unguja kwamba fulani "amekwenda shamba", naye ataelewa kuwa ametoka nje ya mji. Mwambie wa Nyeri, atadhani ameshika jembe. Wanadamu wakitatizika huulizana. Seva haiulizi.

Asubuhi ile, kabla ya soko kufunguliwa, mitambo ilikuwa imetuma barua pepe 97 zilizotaja hitilafu, na hakuna aliyezishughulikia. Kisha kwa muda wa dakika 45 maagizo 212 ya wateja yakazaa miamala milioni 4 katika hisa za makampuni 154. Hasara ilizidi dola milioni 460, na mwaka uliofuata kampuni ikalazimika kuungana na Getco.

Lakini linalonisumbua zaidi ni namna walivyojaribu kujiokoa. Katika kuhangaika kwao, mafundi waliiondoa programu mpya kwenye seva saba zilizokuwa sawa, huku ishara ingali inatumwa. Zote nane zikaanza kuitii maana ya kale! Ndiyo maana siridhiki ninapoambiwa kwamba mambo yakiharibika "tutarudisha toleo la awali". Kurudi nako kunahitaji mazoezi.

Nilimtaka basi mwanafunzi wangu aijaribu kwanza programu yake kwenye seva ya majaribio, aandike hatua zote za uhamishaji, mwenzake azikague, afute msimbo usiotumika, na zaidi ya yote aweke akiba ya hifadhidata na kujaribu kuirejesha. Alinung'unika kidogo kwamba hii ni orodha ya maneno tu, si soko la hisa. Nilimkumbusha kwamba wawili kati ya wazee waliompa maneno hayo wamekwisha kufariki.

Alhamisi alirudi ofisini kwangu akiwa ameishiwa na mzaha. Alikuwa ameifungua nakala yake ya akiba, akakuta ni tupu.