Mechi ya nyumbani iliyochezwa Kilimanjaro 1912

UKIAMKA alfajiri ya Julai pale Bulongwa, wilayani Makete, mazoezi ya mpira unayaanza ukiwa umevaa koti. Kuna asubuhi nyasi za uwanjani zinakuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na winga akijaribu kukata kona kwa kasi anajikuta amekaa chini. Ukipanda zaidi hadi uwanda wa Kitulo, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, baridi ndiyo inazidi. Sio mchezo.

Lakini hiyo ni sakitu, sio theluji. Jua likishachomoza vizuri inayeyuka na mpira unaendelea. Theluji ya kweli, ile ya kuzamisha mguu, makazi yake Tanzania ni Mlima Kilimanjaro, mamia ya kilomita kutoka Njombe. Na kumbe kuna jamaa walishaigeuza kuwa uwanja wa michezo, miaka mingi kabla Simba na Yanga hazijazaliwa.

Ilikuwa 1912. Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo hadi kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Wengi wakifika pale, hamu yao ni kushuka salama kwa miguu. Hawa wawili walikuwa na mpango mwingine. Walibeba mbao za kutelezea, na katika kushuka wakazifunga miguuni na kuteleza kwenye theluji ya Kilimanjaro.

Hapo shabiki wa soka anapaswa kuelewa ugumu wake. Kwenye milima ya Ulaya leo kuna njia zilizoshindiliwa kwa mashine, kuna lifti ya kukupandisha na kuna waokoaji. Anayetoka nje ya njia hizo anafuata theluji mbichi, laini kama unga wa sembe, ambayo hakuna aliyeikanyaga. Utamu wake ni kuelea. Ukiegemea mguu mmoja sana, mbao inazama na unapigwa mweleka. Chini yake kunaweza kuwa na jiwe au ufa wa barafu, na huwezi kuuona.

Ndiyo maana mchezo huu hauchezwi peke yako. Mmoja anateleza, mwenzake anasimama na kumwangalia, kisha wanabadilishana. Ni kama mabeki wawili wa kati: mmoja akipanda, mwingine anabaki kulinda. Ukimpoteza mwenzio machoni, umeipoteza mechi.

Kwa Furtwängler na König hapakuwa na njia kabisa. Mlima mzima ulikuwa nje ya njia. Hewa ya kule juu ina oksijeni kama nusu tu ya ile ya Dar es Salaam. Jua la mchana linalainisha theluji, usiku baridi inaigandisha tena ikawa ngumu kama sakafu. Hapakuwa na benchi la wachezaji wa akiba wala daktari wa timu. Kila mmoja alikuwa na mwenzake tu.

Wana Afrika Mashariki waliokuja kung'ara kwenye theluji baadaye ilibidi wacheze ugenini. Mkenya Philip Boit, mkimbiaji, alikwenda kujifunza Finland, na Februari 1998 akashiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi kule Nagano, Japan, akiwa Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Katika mbio za kilomita 10 alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie hakuondoka. Alimsubiri kwenye mstari wa kumalizia na kumkumbatia. Boit alikuja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, naye aliiwakilisha Kenya PyeongChang 2018, lakini mchezo aliujulia Austria alikokulia.

Tanzania tulikuwa na uwanja wa nyumbani, ila sasa unatuponyoka. Vipimo vya wanasayansi vinaonyesha kwamba kati ya 1912, mwaka uleule wa wale jamaa wawili, na 2007, Kilimanjaro ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Kule juu kuna barafu iliyopewa jina la Furtwängler mwenyewe, nayo imesinyaa na kupasuka vipande. Mwaka 2022, UNESCO ilionya kuwa barafu za Kilimanjaro huenda zikatoweka ifikapo 2050.

Kilimanjaro Stars na Kilimanjaro Queens wanaingia uwanjani wakibeba jina la mlima huu. Kila shabiki anaujua kwa kofia yake nyeupe. Mtoto anayepiga danadana Bulongwa leo atakuwa bado hajazeeka mwaka 2050 ukifika, na huenda akawaeleza wanawe kuhusu kofia ambayo wao hawataiona.

Marafiki wale wawili walishuka na mbao zao, mechi ikaisha salama. Waliikuta theluji ikiwasubiri. Watakaotaka marudiano wasichelewe, maana kipenga cha mwisho hakiko mbali.