Leza inavyopima urefu wa mti, na kwa nini mwenye ngitili Kahama anapaswa kujua

Kupima unene wa mti ni kazi rahisi: unazungusha futi kamba kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, basi. Shida ipo kwenye urefu. Hakuna atakayepanda kila mti na futi mkononi.

Ndiyo maana wapima misitu wanatumia kipimo cha leza, kifaa kidogo cha kushika mkononi. Kwa watu wa Kahama, Ushetu na Msalala, ambako miti inagombewa na wakausha tumbaku, wachoma mkaa na wachimbaji wanaotafuta matimba ya maduara, namba inayotoka kwenye kifaa hicho inaweza kuwa pesa.

Kinavyofanya kazi

Mpimaji anasimama mbali na mti na kulenga mara 3. Kwanza analenga shina: mwanga wa leza unagonga na kurudi, na kifaa kinajua umbali kwa muda uliotumika. Kisha analenga kwenye kitako cha mti, halafu kileleni, ili kifaa kisome pembe.

Kinachobaki ni hesabu ya tanjenti, ileile ya sekondari. Ukiwa mita 20 kutoka kwenye mti, kilele kikiwa nyuzi 35 juu ya usawa wa macho na kitako nyuzi 5 chini, jibu ni mita 14 jumlisha 1.75, yaani mita 15.75.

Kwa vipimo vya leza, mtafiti Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, alithibitisha mti wa mita 81.5 kwenye bonde moja la Mlima Kilimanjaro. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2016, ndio ulikuwa mti wa asili mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika.

Kosa linapoingia

Leza haidanganyi, ila anayelenga anaweza kukosea. Hesabu hii inachukulia kuwa kilele kipo juu ya shina moja kwa moja. Mti wa mita 13.5 ulioinama mita 3 kumwelekea mpimaji aliye mita 20 unaweza kusomeka mita 15.6. Kwa unene uleule, ujazo wa mbao kwenye karatasi unapanda kwa takriban asilimia 15, na hakuna hata tawi moja lililoongezeka.

Miti ya miombo ina mtego wake: kichwa chake ni kipana kama mwavuli. Ukisimama karibu, unalenga ukingo wa matawi ukidhani ni kilele. Dawa yake ni kusogea nyuma angalau umbali sawa na urefu wa mti, na mti ulioinama upimwe kutoka ubavuni.

Kwa nini inakuhusu

Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili nyingi za familia na vijiji katika mkoa huu. Tangu mwaka 2022 Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni, na kaboni ya msitu hukadiriwa kwa unene wa miti, aina yake na mara nyingi urefu.

Tatizo ni kwamba haipimwi miti yote. Vinapimwa viwanja vichache vya sampuli, kisha matokeo yanazidishwa kwa eneo zima, na kosa linazidishwa nayo. Urefu ukipunjwa, mwenye ngitili anauza kwa hasara. Ukizidishwa, anaahidiwa malipo yatakayokatwa wakaguzi wakija.

Hakiki kwa fimbo

Huhitaji leza kujua kama namba ina mashaka. Chukua fimbo iliyonyooka, sehemu iliyo juu ya ngumi iwe sawa na urefu kutoka ngumi hadi kwenye jicho. Nyoosha mkono, fimbo ikiwa wima, urudi nyuma hadi ngumi ilingane na kitako cha mti na ncha ilingane na kilele. Kwenye ardhi tambarare, umbali kutoka jicho lako hadi kwenye mti ndio urefu wake kwa makadirio.

Namba za mpimaji zikipishana sana na za fimbo, mwombe arudie kupima kutoka upande mwingine, kabla mtu hajasaini chochote.