Sura ya Saba: Mlio wa Upande wa Magneti

Pikipiki iliyochakaa ikianza kugongagonga upande wa kushoto wa injini, hukumu hutolewa haraka: konrodi imekufa, fungua injini. Kwa dereva wa bodaboda wa Nangurukuru, wilayani Kilwa, anayebeba abiria wa Kivinje na Masoko, hukumu hiyo ina maana ya konrodi mpya, beringi, gasketi na hela ya fundi, juu ya siku kadhaa bila hesabu ya kumpelekea bosi. Mara nyingi injini ni nzima kabisa. Kilicholegea ni magneti, na magneti hufikiwa kwa kufungua kava moja tu.

Kinachozunguka humo ndani

Kazi ya magneti ni kuzalisha umeme. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mitambo inayoendeshwa na gesi hiyo na magneti ya bodaboda hutumia kanuni ileile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831: nguvu ya sumaku ikibadilika mbele ya waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo.

Katika pikipiki ndogo nyingi, magneti ni gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye ncha ya krenki. Sumaku zimebandikwa upande wa ndani wa ukingo wake, na katikati yake zimekaa koili za shaba ambazo hazizunguki. Nafasi kati ya sumaku na koili ni finyu mno. Ncha ya krenki imechongwa kwa mchongoko, na tundu la magneti limechongwa vivyo hivyo. Nati ikikazwa, michongoko hiyo miwili hubanana na kuwa kama chuma kimoja. Kile kipande kidogo cha kii kati yao kinaonyesha tu mahali magneti inapotakiwa kukaa ili moto uje kwa wakati wake. Mzigo wote hubebwa na mchongoko. Anayelielewa hili ameshaelewa nusu ya ugonjwa.

Kwa nini hulia pikipiki ikiwa imesimama

Injini ya silinda moja ya mipigo minne huwaka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Ikinguruma taratibu, mwendo wa krenki haulingani: hurushwa mbele mafuta yanapowaka, kisha hupungua mpaka mlipuko mwingine. Magneti ni nzito, haipendi kubadilishiwa mwendo. Ikiwa na kitu kilicholegea, kitagonga huku na huku kwa kila mlipuko. Ukivuta mafuta kidogo, milipuko inakaribiana, mwendo unatulia, na mara nyingi mlio hupungua au hupotea.

Konrodi iliyolika ina tabia nyingine. Hugonga zaidi injini inapobeba mzigo, kwa mfano pikipiki ikipanda kilima na gunia la ufuta nyuma. Tofauti hii pekee imeokoa injini nyingi zisifunguliwe bure.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye kava la kushoto na mpini sikioni. Sikiliza, kisha ihamishie kwenye silinda, kichwa cha injini, na kava la klachi upande wa kulia. Mahali mlio unapokuwa mkali na wa karibu ndipo pa kuanzia. Jihadhari na cheni ya taimingi: katika injini nyingi zenye cheni hiyo, inapita jirani na magneti, na ikilegea hudanganya sikio. Injini za aina ya CG, zilizobuniwa na Honda miaka ya 1970 na kunakiliwa na viwanda vingi vya China, hazina cheni hiyo. Valvu zake husukumwa kwa fimbo.

Kisha chomoa nyaya za chaji zinazotoka kwenye koili, uwashe tena. Koili zisipotoa umeme, magneti haivutwi. Mlio ukibadilika waziwazi, shaka juu ya magneti inaongezeka. Usichomoe waya wa koili ya moto, kwani katika pikipiki nyingi za zamani koili hiyo imo humohumo na injini itazimika.

Mwisho pima betri kwa mita. Ukivuta mafuta kiasi, chaji nzuri huwa kati ya volti 13.5 na 14.5. Chaji hafifu pamoja na mlio ni dalili kwamba sumaku au koili imeguswa. Lakini pwani hii ya Kilwa ina mdanganyifu mwingine: hewa ya chumvi hugeuza viunganishi vya shaba kuwa kijani, na chaji hupungua bila magneti kuwa na kosa. Safisha viunganishi kwanza, ndipo upime.

Kufungua na kukagua

Laza pikipiki upande wa kulia au mwaga oili, kwa kuwa magneti nyingine hufanya kazi ndani ya oili. Skrubu za kava zilizoshikwa na kutu ya chumvi zifungue kwa bisibisi ya kugonga, usije ukaharibu vichwa vyake.

Kava likitoka, shika magneti kwa mikono miwili na uitikise. Ikicheza pamoja na krenki, beringi ya krenki imekwisha, na hapo ni kweli injini lazima ifunguliwe. Ikicheza juu ya krenki, nati au mchongoko umelegea. Kagua bolti za koili pia.

Magneti itolewe kwa pula yake. Nyundo huvunja sumaku na kupinda krenki. Ikishatoka, ining'inize na uigonge kidogo kwa chuma, kama mnunuzi anavyogonga chungu sokoni kutafuta ufa. Sauti butu inaonyesha kwamba ribiti za katikati zimelegea au sumaku imebanduka. Pikipiki yenye stata ya umeme ikaguliwe pia klachi ya stata nyuma ya magneti: bolti zake tatu hupenda kulegea, nazo hutoa mlio uleule.

Kutibu chanzo

Nati ikiwa imelegea, usiikaze ukaondoka. Michongoko iliyokuwa ikisuguana imeshapata mikwaruzo na haibanani tena. Paka dawa ya kusagia valvu, zungusha magneti kwa mkono huku na huku bila kii, hadi michongoko ionyeshe mguso sawa pande zote. Osha kwa petroli, kausha kabisa, weka kii mpya, kisha kaza kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Usipake grisi hapo. Bolti za koili na za klachi ya stata zifungwe kwa gundi ya bolti.

Sumaku iliyobanduka hubandikwa kwa gundi inayostahimili joto na oili, baada ya kukwangua kutu yote. Sumaku hupangwa kwa kupishana, kaskazini kisha kusini, na dira ya chombo cha baharini inatosha kukuonyesha mpangilio huo. Ribiti zilizolegea usizichomelee: joto la kuchomelea hudhoofisha sumaku na kuyeyusha gundi. Nunua magneti nyingine, au umpelekee fundi wa karakana yenye mashine azifunge upya.

Funga gasketi mpya na mpira wa kupitishia nyaya. Mvua kama za kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilizokata barabara kuu eneo la Somanga, huacha madimbwi ambayo pikipiki huvuka kwa wiki nyingi. Maji yakiingia ndani ya kava kavu, kutu huinua sumaku kutoka chini na mlio hurudi.

Rudia kipimo cha bisibisi na cha volti mara tu unapomaliza, kisha tena baada ya wiki ya kazi. Fundi anayempa mteja majibu hayo mawili, na kumkabidhi spea za zamani mkononi, amemwonyesha kilichoharibika na kwa nini. Dereva anayeishi kwa pikipiki hiyo ana haki ya kujua yote mawili.