Mwalimu Mwanafunzi Anapobisha Hodi: Safari ya Shahada ya Ualimu na Wajibu wa Jumuiya Zetu

Kila mwaka, masomo yanapofungwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma na katika vyuo vikuu vingine nchini, vijana hushuka kwenye mabasi huko Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa, wakiwa na begi moja la nguo na jingine la vitabu. Hawa si watumishi wapya waliopangiwa vituo vya kazi. Ni wanachuo wa shahada ya ualimu wanaokuja kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule zetu kwa wiki kadhaa, kisha hurudi chuoni kuendelea na masomo. Dominika utawaona wameketi benchi la nyuma kanisani, na baada ya Misa huondoka kimya kimya, kwa kuwa hakuna aliyewauliza wametoka parokia gani.

Makala haya yanakusudia kuwasaidia wazazi, walezi na vijana wetu kuifahamu safari ya mwanafunzi wa ualimu chuo kikuu, tangu kuomba nafasi hadi kutafuta ajira. Yanakusudia pia kuzikumbusha Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kwamba safari hiyo inapita mlangoni mwao.

Kabla ya kuomba nafasi

Kosa la kwanza hutendeka nyumbani. Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, kijana aliyekosa alama za udaktari au uhandisi huambiwa, "Basi, nenda hata ualimu." Neno hilo "hata" huingia moyoni na kukaa humo kwa miaka mitatu. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba kazi ya ualimu ni wito unaodai vipaji vya pekee vya akili na moyo, maandalizi ya makini, na utayari wa kujirekebisha daima. Mtume Yakobo naye anawaonya waamini wasikimbilie kuwa walimu kwa wingi, kwa sababu mwalimu atahukumiwa kwa kipimo kikali zaidi. Wazazi wanapaswa kuzungumza na kijana wao juu ya wito huu kabla hajajaza fomu.

Kwa upande wa taratibu, maombi hupelekwa moja kwa moja katika chuo husika, chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mwombaji anayetoka kidato cha sita anatakiwa kuwa na ufaulu wa alama kuu katika masomo mawili, na kwa kawaida masomo hayo ndiyo atakayokuja kuyafundisha. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja anapaswa kuthibitisha chuo kimoja tu, kwa namba maalumu anayotumiwa, ndani ya muda uliopangwa. Wapo wanaodhani kwamba kuliona jina lao kwenye orodha kunatosha. Asiyethibitisha kwa wakati anajiweka katika hatari ya kupoteza nafasi yake.

Uchaguzi wa masomo nao unahitaji busara. Shule nyingi za sekondari vijijini zina upungufu mkubwa wa walimu wa Fizikia, Hisabati na Kemia kuliko walimu wa Historia au Kiswahili. Haimaanishi kwamba kila kijana alazimishwe kusoma sayansi. Inamaanisha kwamba anayechagua masomo ya sanaa achague akijua hali ilivyo, na ajiandae kuwa mwalimu bora kuliko wengi watakaoshindana naye.

Miaka mitatu chuoni

Shahada ya Sanaa na Elimu, Shahada ya Sayansi na Elimu, na Shahada ya Elimu kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimejengwa juu ya vilima nje kidogo ya mji, na ndaki zake zimeachana kwa mwendo mrefu. Mwanafunzi wa sayansi na elimu husoma masomo yake ya kufundishia katika ndaki moja na masomo ya ualimu katika nyingine. Asiyepanga ratiba yake tangu wiki ya kwanza atajikuta akikimbia kutoka kilima hadi kilima huku vipindi vikimpita.

Masomo ya ualimu yenyewe ni pamoja na saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, mitaala, upimaji na tathmini, mbinu za kufundishia, na ushauri na unasihi. Baadhi ya wanafunzi huyadharau wakiyaona mepesi, wakatumia nguvu zao zote kwenye Baiolojia au Jiografia. Lakini mtu anaweza kuijua Jiografia vizuri na akashindwa kumweleza mtoto wa miaka kumi na minne kwa nini upande wa magharibi wa mlima umekauka. Kazi za muhula, majaribio na mtihani wa mwisho huhesabiwa pamoja, na somo lililofelishwa kwa uzembe mwaka wa kwanza humfuata mwanafunzi katika miaka inayofuata.

Kuna pia suala la lugha. Katika shule za msingi za serikali watoto hufundishwa kwa Kiswahili. Katika sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Katika vijiji vya uwanda huu wa kati, mtoto huenda alianza kuongea kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe kabla ya kukijua Kiswahili. Anapoingia kidato cha kwanza, lugha ya kitabu ni ya tatu kwake. Mwanachuo anayejua hilo atajifunza kueleza jambo kwa maneno machache, kwa picha, kwa vitu vya kushika mkononi, na kwa uvumilivu.

Tena mitaala imebadilika. Kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, utekelezaji wa mitaala mipya ulianza Januari 2024, ukitilia mkazo umahiri wa mwanafunzi na elimu ya amali. Mwanachuo aliyefundishwa kwa mtaala wa zamani alipokuwa sekondari hawezi kutegemea kumbukumbu zake. Hana budi kusoma mihtasari ya sasa.

Fedha na mkopo

Familia nyingi za Dodoma na Singida hutegemea kilimo cha mtama, uwele, alizeti na karanga, na mwaka mvua inapokosekana ada ya chuo kikuu haipatikani ghalani. Ndiyo maana wengi huomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mkopo huo unaweza kugusa ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, na mafunzo kwa vitendo, kwa kadiri ya uhitaji wa mwombaji.

Uhitaji huo lazima uthibitishwe kwa nyaraka. Cheti cha kuzaliwa, na kwa yatima vyeti vya vifo vya wazazi, huhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Fomu husainiwa na mdhamini na viongozi wa serikali ya kijiji au mtaa. Hapa ndipo watoto wa maskini huumia: mzazi alifariki miaka kumi iliyopita na hakuna aliyefuatilia cheti. Ndugu waamini, kama katika jumuiya yenu kuna yatima aliyeko kidato cha tano, msingoje matokeo. Msaidieni kutafuta vyeti sasa.

Kijana naye aelewe kwamba mkopo si sadaka. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi hadi deni liishe. Fedha ya kujikimu, ambayo wanachuo huiita "bumu", hutolewa kwa awamu. Anayeitumia yote katika wiki mbili za kwanza kwa simu na mavazi atakopa kwa wenzake, na atafika kwenye mazoezi ya kufundisha akiwa hana hata nauli.

Mbele ya darasa

Chuoni, mwanafunzi hutangulia kufundisha somo fupi mbele ya wenzake, nao humkosoa. Lakini mtihani halisi ni shuleni. Akifika, huripoti kwa mkuu wa shule, hukabidhiwa kwa mwalimu wa taaluma, na hupewa vipindi. Kila siku anatakiwa kuwa na andalio la somo linalotokana na azimio la kazi, nukuu za somo, na zana za kufundishia. Mhadhiri kutoka chuoni huja kumkagua na kumpa alama. Anayeandika maandalio yote kwa usiku mmoja baada ya kusikia kwamba mkaguzi yuko njiani, hujulikana mara tu anapoanza kusema, kwa sababu darasa halimfuati.

Mambo mawili ayashike kwa uzito wa pekee. La kwanza ni fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinaelekeza kwamba adhabu ya viboko itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe katika kitabu. Mwalimu mwanafunzi asiyepewa idhini hiyo hana mamlaka ya kumpiga mtoto, hata kama darasa lina kelele, na hata kama wengine hufanya hivyo. Akijifunza tangu mwanzo kutawala darasa bila fimbo, atakuwa amejipatia ufundi utakaomfaa maisha yake yote.

La pili ni usafi wa mahusiano. Mwanachuo wa miaka ishirini na mbili anaweza kumkuta kidato cha nne binti wa miaka kumi na minane. Umri wao umekaribiana, lakini nafasi zao hazikaribiani kabisa. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Zaidi ya hofu ya gereza, mzazi amemkabidhi mwalimu mtoto wake. Kuisaliti amana hiyo ni dhambi dhidi ya mtoto, dhidi ya familia na dhidi ya Mungu aliyemwita mwalimu huyo.

Baada ya joho

Zamani mhitimu wa ualimu aliweza kusubiri nyumbani hadi apangiwe kituo. Leo nafasi hutangazwa, waombaji ni wengi kuliko nafasi, na katika miaka ya karibuni walimu wamekuwa wakiitwa kwenye usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Wahitimu wengine hukaa nyumbani miaka kadhaa. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome huona aibu mbele ya majirani, na kijana huona kwamba amewaangusha.

Tuseme wazi: kukosa ajira baada ya kuhitimu si uvivu wala laana. Mhitimu anaweza kujitolea katika shule iliyo jirani, akaandikiwa barua ya utambulisho, na akaendelea kunoa ufundi wake ili usaili usimkute amesahau. Anaweza kuomba nafasi katika shule za Kanisa au za watu binafsi. Anaweza kuwafundisha katekisimu watoto wa Komunyo ya Kwanza, kazi ambayo ni ualimu kamili. Asichopaswa kufanya ni kutoa rushwa kwa anayejidai kuuza nafasi za ajira. Hapo hupoteza fedha na dhamiri kwa pamoja.

Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere alisomea ualimu Makerere, akafundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, na baadaye Pugu, katika Shule ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1955 aliacha kufundisha, akaja kuwa Rais wa kwanza wa nchi hii. Lakini hadi kufa kwake jina ambalo watu walimwita kwa upendo lilikuwa Mwalimu. Taifa zima lilikiona cheo hicho kuwa cha heshima kuliko vingine. Tusikidharau majumbani mwetu.

Jumuiya ifanye nini?

Mwanachuo Mkatoliki anapokuwa chuoni anao wenzake wa Umoja wa Wanafunzi Wakatoliki, TMCS, wa kusali nao na kushauriana nao. Anapokuja kijijini kwa mazoezi, hana mtu. Hajui wapi apange chumba, maji yanapatikana saa ngapi, wala nani aaminike. Huo ndio wakati wa hatari kwa binti aliye peke yake na kwa kijana aliyeishiwa fedha.

Kwa hiyo mwenyekiti wa jumuiya aulize shuleni kama kuna walimu wa mazoezi waliofika. Akina mama wa WAWATA wamtafutie binti chumba katika nyumba yenye familia. Wazee wamkaribishe katika sala ya jumuiya, wamtambulishe, wamwite mwalimu. Debe la mahindi au kibaba cha karanga si kitu kikubwa, lakini kwa aliyebakiwa na shilingi elfu mbili hadi mwisho wa wiki ni mkate wa kila siku tunaouomba katika sala ya Baba Yetu.

Huenda mwanao yuko Tabora au Mtwara wiki hii hii, amesimama mbele ya darasa la watoto sabini, chaki ikitetemeka mkononi, na jioni atarudi kwenye chumba cha kupanga asichokizoea. Mpokee wa mwenzako kama unavyotamani wako apokewe. Na Dominika ijayo, baada ya Misa, kabla hujaelekea nyumbani, geuka utazame benchi la nyuma.