Hekalu la Mawe ya Jaisalmer

Msafiri atokaye Musoma, Bunda au Butiama, ambaye tangu utotoni amezoea kuyaona majabali ya matale yaliyobebana vilimani, akivuka mpaka pale Sirari na kuishika njia ya Kisii na Narok hadi Nairobi, atakuta katika barabara ya Profesa Wangari Maathai jengo ambalo mawe yake yana tabia nyingine kabisa. Ni hekalu la Kihindu la jumuiya ya BAPS Swaminarayan, lililofunguliwa mwaka 1999 na Pramukh Swami Maharaj, kiongozi wa kiroho wa jumuiya hiyo wakati huo, nalo lahesabiwa la kwanza barani Afrika kujengwa kwa mawe ya nakshi kwa kufuata kaida za kale za Bara Hindi.

Swaminarayan, mwalimu wa dini ambaye jumuiya hiyo huitwa kwa jina lake, na aliyeishi kati ya 1781 na 1830, aliifanya kazi yake kubwa Gujarat, na aghalabu ya Wahindi waliofungua maduka toka Mombasa hadi miji ya ziwani wana asili ya huko. Basi itikadi ilisafiri pamoja na biashara.

Jiwe lenyewe ni la mchanga, rangi yake manjano, nalo lilitoka Jaisalmer, katika jangwa la Rajasthan. Aliyewahi kupasua matale kwa nyundo atafahamu hikima ya uteuzi huo, kwani matale hukaidi, ilhali jiwe la mchanga huitii tindo, hata fundi stadi akaweza kutoa ndani yake ua lenye petali nyembamba. Nakshi hizo zina utaratibu: nguzo hubeba matao, matao hubeba kuba, na mnara mrefu husimama juu ya chumba kitakatifu ziliko sanamu za ibada, ili atazamaye kutoka nje ajue moyo wa jengo ulipo.

Sanaa hiyo hiyo ilijenga hekalu la Neasden, London, mwaka 1995, kwa juhudi za waumini ambao wengi wao walihamia huko kutoka Afrika Mashariki: vipande 26,300 vilichongwa India, vikasafirishwa, vikaunganishwa pasipo mhimili wa chuma.

Mgeni wa dini yoyote hukaribishwa, mradi avae mavazi ya stara, avue viatu, na aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Afadhali afike asubuhi, maana wakati wa adhuhuri milango ya chumba kitakatifu hufungwa, sanamu zikihesabiwa kuwa zimepumzika.